Toa Kumi

Nyuso mpya za mita zilikuja kwenye bahasha iliyokunjika,
nyembamba kama ganda la kitunguu,
nyeupe mchana, buluu zikipata umeme,
ndivyo ilivyodai karatasi ya maelezo
ambayo Neftalí aliisoma mstari mmoja, akafutia vidole.

Zilitangulia kimbunga kwa wiki moja.
Kimbunga kikapita na nguzo, na paa la shule,
na jokofu la jirani, tukalikuta mtoni limekaa wima
kama mtu anayesubiri kuvushwa.
Tercel yetu kikaiacha, imezama tope hadi rimu.

Siku ya kumi na tisa bila umeme, pale Utuado,
kaka akasema: leo tunafungua dashibodi.
Nani anapamba gari, mji mzima giza?
Bibi Modesta aliuliza, hakungoja jibu,
akarudi kuhesabu mishumaa.

Mimi nilishika tochi kwa meno.
Skrubu nne. Ya nne haikutaka;
akaibembeleza, akaitukana, akaibembeleza tena.
Mkono wake ukaingia nyuma ya mita hadi kiwiko
kama daktari wa mifugo anayetafuta mguu wa ndama,
ukafungua kebo ya spidi,
ukatoka na senti mbili na hereni ya mama.
Hatukusema kitu.
Aliiweka kwenye kisoda, peke yake,
isije ikachanganyika na skrubu.

Mezani jikoni
alitia alama ya penseli pale kila mshale ulipolala,
kisha akaing'oa kwa vijiko viwili vya chai,
akibinya huku, akibinya huku,
jinsi unavyomtoa mtoto mwiba.
Wa mafuta. Wa joto. Wa spidi
uliruka, ukaingia uvunguni mwa jiko,
na tulipoupata, alama ilikwisha futwa na jasho la gumba lake.
"Hapa," akakisia.
"Juu kidogo," nikasema.
Kila mmoja na uhakika wake.

Uso mpya ukalala juu ya uso wa zamani.
Waya mbili: moja kwenye fyuzi ya taa ndogo,
moja kwenye chuma alichokwangua rangi kwa kisu.
Na kijisanduku, kadiri ya kiberiti,
kilichoanza kulia kama mbu wa sikioni
mara tu alipowasha.

Toka kanisani hadi pale palipokuwa daraja
hapakuwa na taa hata moja,
na sasa buluu ilimwagika kiooni,
ikashika migomba iliyolala kifudifudi,
ikashika miguu ya watu wanaokuja.
Don Eleuterio alikuja na kiti chake.
Zoraida alikuja na mapacha wamelala mabegani.
Hakuna aliyesema ni upuuzi.
Walitazama namba: ishirini, arobaini, sitini,
kama majina ya miji waliyowahi kuishi.

Bibi alifika mwisho, na chupa mbili za dawa,
ya asubuhi na ya usiku,
ambazo kwa mshumaa alikuwa akizibahatisha.
Akaketi kiti cha dereva, hajapata kukikalia maishani,
akasogeza chupa kwenye mita ya spidi,
akasoma kwa midomo.
Halafu akainua macho.

"Neftalí. Gari linakwenda."

Tukachungulia. Mshale umesimama kwenye kumi,
maili kumi kwa saa, injini imezimwa,
magurudumu topeni.
Kaka akaanza: nimeukosea, kesho nafungua tena...
"Uache."
Akavuta mlango, akaufunga,
akameza kidonge bila maji,
akashika usukani kwa mikono miwili.
"Kumi si haba."

Tulimpa dakika tano, tukihofia betri.
Tukampa nyingine tano.

Umeme ulirudi mwezi wa nne.
Mshale haukuguswa.
Ukiazima gari lile,
toa kumi kwanza.